Mgonjwa Kagoma Kula, Mwizi Kaleta Spea

Wazee waliotulea walitukataza mambo mengi, na mengi tumeyavunja mchana kweupe, lakini moja lilitukaa: usimcheke mwenye kichaa. Ukimcheka, tuliambiwa, yatakukuta mwenyewe, na yakikuvuka wewe yatamshukia mwanao, na yakimkosa mwanao basi mjukuu atazaliwa anaamkia ndoo. Sasa anatokea mtu mzima huko Korea Kusini, ana akili zake timamu, ananikalisha saa moja na dakika arobaini na ushee ananichekesha kwa wagonjwa wa akili, halafu kabla sijamaliza kucheka ananifanya nimwonee huruma binti anayelamba betri. Huo si ustaarabu. Ningejua dawati la malalamiko liko wapi ningekuwa nimeshapanga foleni.

Mtu huyo anaitwa Park Chan-wook, na filamu yenyewe ilitoka Desemba 2006 kwa jina la kimataifa I'm a Cyborg, But That's OK. Saibogi ni nusu mtu nusu mashine, na binti wa kwenye filamu anasema ndiye yeye, wala haoni tatizo liko wapi. Mwaka huohuo wa 2006 Wakorea walianza kurusha Jumong, ile ya vipindi 81, ambayo ilipofika huku ikatafsiriwa, ikaingia mpaka vibanda umiza, na watoto wa mtaani kwetu wakawa wanachomana kwa mishale ya njiti za fagio. Tangu hapo nyumbani kwangu Korea inajulikana kuliko Kigoma. Mke wangu anaweza kukutajia kila mfalme wa kale wa huko aliyewekewa sumu, nani aliiweka, na kwa nini ilikuwa haki yake. Mwulize diwani wetu ni nani, atakuambia yeye siasa hafuatilii.

Filamu hii aliileta binti yangu kwenye flashi. Akatangaza ni ya mapenzi, ni ya kuchekesha, na ni ya wagonjwa wa akili, yote matatu kwa pumzi moja, halafu akaketi kana kwamba hajasema kitu.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, alifika mapema kuliko anavyofika misibani. Yeye jina la Park Chan-wook analijua kwa sababu ya Oldboy, ile ya 2003 iliyopata Tuzo Kuu ya majaji kule Cannes mwaka uliofuata, ambamo jamaa mmoja anapita kwenye korido akipiga genge zima kwa nyundo. Shemeji alikuja kutazama nyundo. Mke wangu alikuja kumtazama Rain, yule mwimbaji ambaye jina lake la kwao ni Jung Ji-hoon, aliyemzoea tangu tamthilia ya Full House ya 2004. Hii ilikuwa ndiyo filamu yake ya kwanza ya sinema. Mimi nilikuwepo kwa sababu kiti ni changu.

Nyundo haikuja. Rain alikuja, ila alikuja na kinyago cha sungura usoni. Mke wangu akanyoosha mkono kuelekea kwenye runinga na kuuliza kwa uchungu kabisa: "Sasa wamemlipa hela zote hizo ili wamfiche?"

Kero nyingine ni kwamba tafsiri haikuwepo. Enzi za Kapteni Lufufu mtu mmoja aliwasemea wahusika wote, baba, mama, jambazi na farasi, akaongeza na ya kwake, na filamu ikawa bora kuliko ilivyotoka kiwandani. Safari hii tulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, na binti ndiye aliyetusomea, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mazishi. Kila lilipofika neno la mapenzi alikohoa. Wahusika walipobusiana maandishi yakakauka, shemeji akakagua dari, mke wangu akakumbuka kuna kitu jikoni, nami nikauliza kwa nguvu kama geti limefungwa. Kwa hiyo kipande hicho cha filamu sikielezei. Sikukiona.

Niliyoyaona ni haya. Binti anaitwa Young-goon, ameigizwa na Im Soo-jung, na anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuunganisha redio, safu kwa safu za mabinti waliovaa sare nyekundu. Bibi yake ndiye aliyemlea, na bibi huyo aliamini yeye ni panya: alikula figili tu, na panya wa kweli alikaa nao vizuri. Siku moja gari likaja na watu waliovaa nguo nyeupe wakamchukua bibi kwenda kumweka hospitali, na haraka hiyo ikafanya meno yake ya bandia yabaki. Mjukuu akalikimbiza gari kwa baiskeli, meno mkononi, asilipate. Hapo shemeji alikuwa bado anangoja nyundo, lakini mke wangu alishanyamaza. Bibi bila meno yake atatafunaje figili? Filamu nzima imesimama juu ya swali hilo, na ukiliangalia vizuri ni swali la mtu mwenye akili kuliko sisi sote.

Baadaye Young-goon akajiunganisha na umeme kule kiwandani akaumia vibaya, akalazwa. Madaktari wakaandika kwamba alitaka kujiua. Kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa anajichaji.

Wodini hagusi chakula, kwa kuwa mashine ukiimwagia wali inakufa. Anatembea na betri zake, anazilamba. Akitaka kuzungumza, anavaa yale meno ya bibi, na kwa meno hayo anasikilizana na taa za tyubu na mashine ya kuuzia kahawa. Kwa binadamu hana habari ndefu. Shemeji akatoa hukumu: "Huyu fyuzi imeungua." Mwenyewe angekubaliana naye kabisa, tena angemwuliza ni ya ampea ngapi.

Halafu kuna hospitali yenyewe, ambayo inaniudhi kwa uzuri wake. Bustani imefyekwa, vyumba vina nafasi, hata kile cha kumfungia aliyechafuka kimepakwa rangi laini, na wagonjwa wanazunguka na sare safi wakiwa na muda wa kutosha kila mmoja kuendeleza maradhi yake kwa ustadi. Yupo mzee anayeamini kila baya linalotokea duniani ni kosa lake, hivyo anatembea kinyumenyume ili asimpe mtu kisogo, akiomba radhi njia nzima. Yupo mama mnene anayemaliza chakula cha wenzake na kusugua soksi zake akiamini zitampaisha. Yupo mwingine ambaye maisha ya wenzake anayasimulia kuliko wenyewe, na mengi ameyatunga. Huyo sikuona kwa nini amelazwa, sisi tunao kwenye kila kikundi cha vikoba.

Na yupo Il-soon, ndiye Rain, ambaye ni mwizi. Haibi simu. Anaiba tabia. Akimvizia mzee wa kinyumenyume na kumwibia adabu, basi mzee anageuka mkorofi wa kutukana watu na Il-soon ndiye anayeanza kurudi nyuma kwa heshima. Aliyekuwa bingwa wa tenisi ya meza anaibiwa ubingwa wake na kubaki anapiga hewa. Sijui utaalamu huo unasomewa wapi, lakini mwizi wa namna hiyo ningempa nauli aje kwangu usiku, mlango nimwachie wazi, aibe kumbukumbu ya mke wangu peke yake, hasa kile kipande cha mambo niliyoyasema kwenye harusi ya mdogo wake. Il-soon naye ana lake: mama yake alimwacha angali mdogo, na hofu inayomkaba ni kwamba atasinyaa, asinyae, mpaka awe nukta na asionekane tena. Hofu ikimzidi anapiga mswaki. Vinyago vyote vile ni vya mtu anayeogopa kutoonekana, nikamweleza mke wangu, lakini kinyago cha sungura alikuwa hajakisamehe.

Young-goon anapomsikia mwizi huyu anampelekea kazi. Ana orodha ya mambo saba ambayo ni mwiko kwa saibogi: huruma, huzuni, kutotulia, kusitasita, kuota ndoto za mchana, kujiona una hatia, na shukrani. Binti yangu alipomaliza kuyasoma kukawa kimya kidogo, kisha mke wangu akasema, bila kunitazama, kwamba hapa ndani kuna mtu amefaulu yote saba. Shemeji alicheka mpaka akamwaga kahawa. Kwenye zulia.

Tatizo la Young-goon ni huruma. Anataka awamalize wote wenye nguo nyeupe waliomchukua bibi yake, na kila akiwatazama anakumbuka kwamba nao wana bibi zao. Kwa hiyo anamwomba Il-soon aje aibe huruma hiyo aondoke nayo. Mwizi anaiba, anaifikisha kwake, na hapo ndipo mzigo unapomshinda: sasa ni yeye mwenye huruma, na wa kuhurumiwa yuko mbele yake, amekonda, hajala. Nimetazama hadithi za mapenzi nyingi kwa kulazimishwa, watu wanagongana vitabu vikamwagika, wanashikiana mwavuli, wanapigana vibao vya mwanzo wa ndoa. Sikuwahi kuona mtu anapenda kwa sababu alipokea mali ya wizi.

Tuje kwa madaktari, ambao nitawatetea kwa kuwa hakuna mwingine atakayefanya hivyo. Binti hali, anadhoofu, ushauri umeshindikana, wakaamua kumpa tiba ya mshtuko wa umeme. Shemeji akaruka: "Unyama!" Tiba hiyo ilianzia Roma mwaka 1938, na siku za mwanzo ilikuwa ya kutisha kweli, mgonjwa yu macho na mifupa inaweza kuvunjika. Siku hizi mtu analazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, na wanaofikiriwa kwanza ni pamoja na hao ambao ugonjwa umewafikisha pa kukataa chakula mpaka uhai uko hatarini. Kwa hiyo daktari wa kwenye filamu hakukosea sana. Alichokosea ni kutojua anamtibu nani. Ukimpelekea umeme mtu anayeamini ni mashine umempa alichokuwa anakililia! Tunaonyeshwa vidole vyake vya miguu vinawaka kimoja baada ya kingine, chaji inapanda, mpaka imejaa. Kisha anasimama, ncha za vidole vya mikono zinafunguka, na risasi zinatoka huku maganda yakimwagika mdomoni, wauguzi na madaktari wanaanguka bustanini, koridoni, kila mahali.

"Huyu ndiye Park ninayemjua!" Shemeji alisimama kabisa.

Yote yalikuwa kichwani mwa binti. Hakuna aliyekufa, daktari yuleyule anarudi kumwuliza anajisikiaje, na shemeji akakaa chini taratibu. Park aliwahi kusema filamu hii aliitengeneza akitaka binti yake naye aweze kuitazama. Najiuliza zile nyingine alimfungia kabati gani.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonivuruga, nami si mtu wa kuvurugwa na runinga. Mwizi mwenye huruma ya watu anakwenda kwa Young-goon na kifaa kidogo mkononi. Amekiundaunda mwenyewe. Anamweleza kwamba kazi yake ni kupokea wali na kuugeuza umeme, na ana jina lake kabisa, megatroni ya wali. Kifaa hiki kikishafungwa mwilini, saibogi anaweza kula kwa usalama. Hamwambii kwamba yeye si mashine. Hamwambii avumilie, wala kwamba kuna wenzake wanalala njaa, wala kwamba mama yake analia. Anamgeuza, anamchorea mlango mgongoni, anajifanya anaufungua, anakiingiza kifaa, anaufunga. Fundi kamaliza. Na binti anauliza swali la mteja yeyote mwenye akili, je kikiharibika? Mwizi anamwahidi kumhudumia maisha yake yote.

Maisha yote! Fundi aliyetengeneza friji yangu alinipa garantii ya maneno manne, "likisumbua tu nipigie," na simu yake haijapatikana tangu alipovuka kizingiti. Yule wa televisheni alirudisha televisheni na skrubu zimebaki, akasema hizo ni za ziada. Hapa yupo mgonjwa wa akili, mwizi aliyethibitishwa, anafunga spea isiyokuwepo ndani ya mashine isiyokuwepo, na kazi yake inadumu kuliko ya waliosomea ufundi.

Kisha bwalo. Young-goon amekaa na sinia lake. Kijiko kina wali. Il-soon yuko pale, na habari imeshaenea wodi nzima, kwa hiyo wagonjwa wote wameacha vyao, yule wa kinyumenyume, yule wa soksi, mtunga hadithi, na watumishi nao wameduwaa. Kijiko kinakwenda mdomoni. Anatafuna. Anasita. Sisi sebuleni hakuna aliyekuwa anatafuna chochote, hata karanga zilikuwa zimesimama njiani, na mke wangu alikuwa ameushika mkono wa kiti changu bila kujua ni wangu. Binti anameza. Ndivyo hivyo tu, mtu amemeza tonge la wali, na shemeji yangu aliyekuja kutafuta nyundo akawa anapangusa macho akisingizia dawa ya mbu.

Hapo ndipo ninapogombana na wale wanaoondoka na filamu hii wakisema kumbe mapenzi ni dawa. Dawa ya nini? Hakupona hata kidogo. Mpaka mwisho yeye ni saibogi, na kama kuna mabadiliko basi amepandishwa cheo: bibi yake amekuwa akimtokea ndotoni kumweleza sababu ya kuumbwa kwake, ujumbe unakatikakatika, na wanapoufumbua na mwizi wake wanakuta yeye ni bomu la nyuklia, analohitaji ni volti bilioni moja ili amalize dunia. Huyo si mtu aliyepewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Alichopewa ni chakula. Kala leo, kesho atakula tena, na bomu tutalishughulikia baadaye.

Wakorea waliofuata baadaye hawakuwa na uvumilivu huo. Mwaka 2014 wakatoa It's Okay, That's Love, mwandishi wa riwaya anamwona kijana wa shule peku ambaye miaka inapita hakui, na mpenzi wake, bahati ilioje, ni daktari wa akili. Nakiri humo dawa zinamezwa na hospitali inalaziwa, wamejitahidi. Mwaka 2020 ikaja It's Okay to Not Be Okay, ambayo hata jina lake la Kikorea limefuata nyayo za hili la saibogi, na ndani yake kuna mhudumu wa wodi, mwandishi wa vitabu vya kutisha watoto, na kaka mwenye usonji anayeogopa vipepeo. Zinapendeza. Tatizo ni kwamba zikikaribia mwisho kila jeraha linafumbuliwa limetoka wapi, kila mtu analia panapohusika, na kila mmoja anakwenda zake amekamilika. Mimi nina miaka yangu hii yote na sijafumbuliwa. Mke wangu anasema nimefumbuliwa zamani, ila hakuna aliyetaka matokeo.

Halafu kuna hilo la bibi, ambalo filamu inalipitia haraka lakini mimi nililirudia. Kwa miaka kadhaa baada ya filamu kutoka, sheria ya afya ya akili ya Korea Kusini iliruhusu mtu kulazwa bila ridhaa yake wakikubali walezi wawili wa familia na daktari mmoja wa akili. Basi. Watu waliingizwa wodini ndugu wakigombania urithi. Ilikuja mpaka Septemba 2016 ndipo Mahakama ya Katiba ya huko ikasema kifungu hicho kinapingana na katiba, na sheria mpya ya mwaka 2017 ikataka daktari wa pili kutoka hospitali nyingine kabla mtu hajazuiwa kwa muda mrefu. Niliposoma hayo nilinyanyua macho nikawatazama watu wa sebuleni kwangu. Mke wangu, mmoja. Shemeji, wa pili. Kumbe kwa miaka yote hiyo, kama tungekuwa Seoul, nilikuwa nimebakiza daktari tu.

Na mama yake Young-goon? Madaktari wanapomhoji anasema hakujua lolote. Tunarudishwa nyuma tunaona alijua, aliambiwa na mwanawe kwa mdomo wake, akaona aibu akanyamaza. Hapo sebule yangu ilikohoa yote, na safari hii hakukuwa na watu wanaobusiana. Uani kwetu palikuwa na msichana aliyeanza kuzungumza na bomba la maji. Familia ikasema malaria imempanda kichwani. Ikampanda mwaka mzima. Tulipitisha ndoo zetu tukachota maji pembeni yake, tukasema pole na malaria, na watoto wakamtania kwamba aende Mirembe, kwa sababu kwetu hospitali ya Dodoma mtoto huijua kama tusi kabla hajaambiwa kwamba watu hutibiwa pale. Sikumbuki mtu aliyemwuliza bomba lilikuwa linamwambia nini. Baadaye alipelekwa kwa shangazi yake, na sisi tukapata nafasi nzuri zaidi ya kuchota.

Kule Berlin mwaka 2007 majaji waliipa filamu hii tuzo ya Alfred Bauer, iliyokuwa ya filamu zinazofungua mtazamo mpya. Mwaka 2020 ikaanikwa kwamba huyo Bauer mwenyewe, mwasisi aliyeliongoza tamasha hilo miaka nenda rudi, alikuwa na mizizi mirefu kwenye utawala wa Wanazi na alikuwa ameificha, na tuzo yenye jina lake ikasimamishwa. Yaani filamu ya watu wanaowaficha wagonjwa wao ilipewa zawadi iliyokuwa na siri yake kabatini. Kule Korea kwenyewe watazamaji hawakumiminika. Walikuwa, kama shemeji, wanangoja nyundo.

Mwisho wa filamu wagonjwa wawili wako nje usiku, porini, kwenye mvua ya radi, wamesimika mlingoti wa kuvuta radi ili Young-goon apate volti zake. Upepo unachukua kila kitu. Kunapambazuka na upinde wa mvua. Jina la mwongozaji likapanda na vita vikaanza. Binti yangu anasema ni matumaini. Shemeji anasema radi iliwapiga palepale na ule upinde ni ahera. Mke wangu anasema wameoana, na asiyeelewa hilo hajawahi kupenda, kisha akanitazama. Mimi nilikuwa na swali moja la msingi sana: muuguzi wa zamu usiku ule alikuwa nani, na aliwaruhusuje wagonjwa wawili, mmoja wao akiwa bomu, kutoka na hema kwenye mvua ile bila hata sweta? Kuna kitabu cha zamu. Kuna mlinzi getini. Nikauliza tena kwa sauti. Binti alikuwa ameshaweka kipindi cha kwanza cha ile ya 2020, viko 16, na shemeji akaniomba nisogee kidogo, namziba.